Maswali Tunayoulizwa Kila Mara Kuhusu Daftari Letu la Alama za Muvi, Mwanza

Wanaokuja kijiweni kwetu kwa mara ya kwanza huuliza yale yale. Wanaotusikia kwa mbali nao huuliza yale yale, ila kwa hasira kidogo: kwa nini muvi fulani mmeipa nne, nani kawapa mamlaka, mbona wengine mmewabeba. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja huku mahindi yangu ya kuchoma yanapoa, kwa hiyo majibu nimeyaweka hapa. Mimi ndiye mshika daftari. Mwenyekiti hatuna, na pale tulipojaribu kumchagua tuligombana wiki mbili.

Ninyi ni akina nani?

Watu kumi na kitu wa Mwanza tunaopenda muvi kupita kiasi. Yumo fundi cherehani wa Mabatini, mama anayeuza dagaa Mwaloni Kirumba, wanafunzi wawili wa chuo wanaopanga Nyegezi, dereva wa bajaji, mwalimu mstaafu ambaye hadi leo anasema "kwenda kuona picha", vijana watatu wa mitumbwi ya dagaa, na kinyozi wa Buzuruga ambaye saluni yake ndiyo ukumbi wetu. Kila mtu anatazama anakotazama: wengine nyumbani kwa king'amuzi, wengine kwenye simu, wengine kwenye banda la video. Tukikutana tunasimuliana, tunabishana, kisha alama zinaingia kwenye kaunta buku. Sasa tuko kwenye kaunta buku ya tatu. Ya kwanza ilichukuliwa na maji, na kisa chake nitakieleza huko chini.

Mbona siku zenu za kukutana hazieleweki?

Zinaeleweka ukitazama juu. Dagaa wa ziwani huvuliwa usiku kwa taa: mwanga unawaita, wavu unawazoa. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima lina mwanga, taa ya mvuvi haimvuti dagaa yeyote, na vijana wanabaki nchi kavu. Ndizo siku ambazo mabanda ya video kwenye mialo, pale mitumbwi inapofikia nchi kavu, hujaa mpaka watu wanakaa juu ya ndoo. Ndizo pia siku ambazo wale vijana wetu watatu wanakuwepo, na wao kwa wiki moja wanatazama muvi nyingi kuliko mimi kwa mwezi mzima. Basi tunakutana Jumapili iliyo karibu zaidi na mbalamwezi. Mwanafunzi mmoja alipendekeza tuwe na ratiba ya kudumu kama watu wa mjini. Mama wa dagaa akamjibu, "Mwanangu, hata bei ya dagaa inaufuata mwezi, sembuse wewe."

Alama ni za ngapi, na zina maana gani?

Ni za kumi. Tano maana yake sijutii muda wangu, ila sitakusumbua uitafute. Saba, nitakuazima flashi yangu. Nane, nitakudai flashi ikichelewa kurudi, maana nataka kuirudia. Tisa, nitakaa chini nitazame tena pamoja nawe bila kukuambia kitu. Muvi zilizowahi kupata kumi, hata kutoka kwa mmoja wetu tu, ni nne katika madaftari yote matatu. Sifuri hatutoi, kwa kuwa hata muvi mbovu kuna mtu aliyebeba kamera juani.

Masharti ni mawili. La kwanza, ulale usiku mmoja kabla ya kutoa alama. Muvi za mapigano hushuka kwa usiku mmoja, muvi za huzuni hupanda; tumeliona hilo mara nyingi mno kuliita bahati. La pili, pembeni ya alama kuna safu nyingine, nayo lazima uijaze: uliitazamia wapi, kwa kifaa gani, kwa sauti ya mtafsiri gani, na ulikuwa na nani. Asiyejaza safu ya pili, alama yake haihesabiwi.

Hiyo safu ya pili ya nini? Muvi si muvi tu?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote. Nitajibu kwa kisa.

Kuna muvi moja ya mapigano ya Kithai ambayo fundi cherehani aliipa tisa na mwanafunzi akaipa tatu, na wote wawili waliitazama wiki ile ile. Walikaribia kushikana mashati. Nikafungua safu ya pili. Fundi aliiona kwenye banda la Igoma, usiku, watu kama sitini, kila teke linapotua banda zima linaguna "uuuh!", na mzee mmoja nyuma anampa steringi, yaani shujaa wa muvi, maelekezo kama kocha. Mwanafunzi aliitazama kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, ndani ya daladala ya Buhongwa, amesimama, spika moja ya sikioni haifanyi kazi. Sasa niambie, walitazama kitu kimoja?

Tangu siku hiyo hatuulizani tena "umeipa alama ngapi?" Tunaulizana "uliionea wapi?" Alama ya bandani ni ya muvi pamoja na watu sitini. Alama ya kwenye simu ni ya muvi peke yake, tena ikiwa mgonjwa. Zote mbili ni za kweli, na msomaji wa daftari anachagua iliyo karibu na hali yake. Kama utaitazama peke yako usiku kitandani, alama ya fundi itakudanganya. Kama unakwenda bandani na rafiki zako, ya mwanafunzi itakunyima raha.

Mbona muvi moja ina alama mbili, "ya muvi" na "ya mtafsiri"?

Kwa sababu waliofanya kazi ni wawili. Wengi wetu tulikuzwa na muvi zilizotafsiriwa. Kabla ya flashi kulikuwa na kanda za VHS, na sauti iliyojulikana kuliko zote huko Dar es Salaam ilikuwa ya Lufufu, aliyesimulia muvi za Kihindi, za Kichina na za Marekani kwa Kiswahili mpaka watu wakawa wanaifuata sauti yake, waigizaji baadaye. Waliokuja nyuma yake ndio hawa mnaowasikia leo wakijitaja jina kila baada ya dakika tano.

Mwalimu mstaafu anawapinga. Anasema mtafsiri anaongeza chumvi hadi chakula kinakuwa chumvi. Mama wa dagaa anamjibu kwamba bila mtafsiri yeye asingekuwa na kijiwe cha kukaa, kwa kuwa maandishi ya chini yanakimbia kuliko macho yake, na hayo maandishi yenyewe ni ya Kiingereza. Hapo mwalimu hunyamaza, kwa sababu ni kweli.

Basi tunampima mtafsiri kivyake. Tunaangalia kama anajua kunyamaza. Tunaangalia kama majina anayaacha yalivyo au kila mwanamke anamwita "huyu demu". Na tunaangalia kama nyongeza zake zinasaidia. Mtafsiri mmoja, jambazi anakimbia barabarani New York, akasema "anakimbia utadhani kivuko cha Kamanga kinaondoka". Pale saluni tulicheka mpaka kinyozi akazima mashine, mteja kabaki na nusu kichwa. Huyo alipata tisa. Mwingine, mama anamzika mwanawe, kimya kimetanda, yeye anatangaza muvi zake nyingine na namba ya simu. Alipata mbili, na mbili hizo ni kwa sababu sauti yake nzuri.

Wenzetu wa ng'ambo ya ziwa, Uganda, wamekwenda mbele zaidi. Kule msimuliaji anaitwa VJ, na kuna muvi iliyotengenezwa Wakaliga, Kampala, mwaka 2010, na Nabwana I.G.G., iitwayo *Who Killed Captain Alex?* Inayozunguka duniani ina sauti ya VJ Emmie juu yake, akiishangilia, akiicheka, akiwatania waigizaji. Tulijaribu kuigawa alama mbili kama kawaida, tukashindwa. Ukimtoa VJ, inayobaki si muvi ile ile tena. Ina alama moja tu: nane. Wengine wanaiita ya kichekesho, wanaicheka bajeti yake ndogo. Vijana wa mitumbwi hawakuicheka. Walitaka kujua bunduki zile za bandia zimetengenezwaje.

Steringi akifa, alama inashuka?

Bandani, ndiyo, na mwenye banda anaweza kudaiwa pesa. Kwetu hapana. Ila dereva wa bajaji hadi leo hutoa moja kimyakimya. Tunamjua, tunamwacha.

Nimeona kwenye intaneti muvi ina asilimia 93. Ninyi mna 6. Nani muongo?

Hakuna muongo, ila namba hizo hazipimi kitu kimoja. Ile asilimia ya Rotten Tomatoes, mtandao ulioanza mwaka 1998, ni hesabu ya wahakiki wangapi wameipenda. Kila hakiki inawekwa upande mmoja, nzuri au mbaya, kisha wanahesabu sehemu ya nzuri. Ikifika 60 muvi inahesabiwa imefaulu. Sasa fikiria kijiwe chetu: kama watu kumi kati yetu tungeipa muvi fulani sita, kwamba ni sawa tu, haichomi haipozi, kwa hesabu yao ingepata asilimia 100. Na muvi ambayo watano wanaiabudu na watano wanaichukia ingepata 50, ingawa hiyo ya pili ndiyo utakayoikumbuka mwakani. Asilimia 93 inakuambia hutaboreka sana. Haikuambii utapenda.

IMDb, mtandao mwingine wa muvi, ni habari nyingine. Ile ilianza 1990, na watazamaji wenyewe wanapiga kura, moja hadi kumi, kama sisi. Lakini namba unayoiona pale si wastani wa kawaida. Kura hazina uzito sawa, ili watu wasijipange kuipandisha muvi au kuizamisha.

Sisi tunajikinga kwa njia ya kienyeji: tunakata alama ya juu kabisa na ya chini kabisa, tunagawanya zilizobaki. Kuna muvi ilipata 1, 7, 7, 8 na 8. Wastani wa kawaida ni 6.2. Ukikata juu na chini ni 7.3, na hiyo ndiyo iliyoandikwa. Ile moja ilitolewa na mtu aliyekiri kwamba adui wa kwenye muvi anafanana na mwenye nyumba wake. Wakiwa chini ya watano walioitazama, hatukokotoi chochote. Tunaacha alama zao zisimame kila moja na mwenyewe.

Kwa nini *Parasite* iko kwenye zile muvi nne zilizopata kumi? Si muvi ya Kikorea tu?

Mwulize fundi cherehani. Lakini kwa kuwa hupo saluni, nitakusimulia mimi, na sitafika mwisho.

Muvi hii ya Bong Joon-ho ya mwaka 2019 ndiyo ya kwanza isiyo ya Kiingereza kuchukua Oscar ya filamu bora, mapema mwaka 2020. Wanafunzi walituletea kwa sababu hiyo, na sisi tukakaa na mikono kifuani, maana muvi za tuzo mara nyingi ni mtu anatazama dirishani saa mbili. Tuliitazama wote pamoja saluni, mwanafunzi mmoja akitafsiri kwa mdomo. Ina familia maskini inayoishi chumba kilichozama nusu ardhini, na familia tajiri yenye jumba juu mlimani. Usiku mmoja mvua kubwa inanyesha. Maskini wanakimbia kuteremka ngazi, ngazi, ngazi, maji yanateremka nao, na wanapofika kwao maji machafu yako kifuani na choo kinatema.

Hapo saluni pakawa kimya. Ukijua Mabatini utaelewa. Mto Mirongo ukifura hauombi ruhusa. Fundi aliwahi kusimama juu ya meza ya cherehani usiku kucha, kitambaa cha sare za shule za watu amekishika kichwani. Mwanafunzi akaacha kutafsiri, na hakuna aliyemwambia aendelee. Asubuhi yake kwenye muvi, yule mama tajiri anasema kwenye simu kwamba mvua ile ilikuwa baraka, anga limetakata. Fundi akasema taratibu, "Nimeshawahi kushona gauni la huyu mama."

Ndipo yakaanza mabishano ambayo nadhani hayajatokea Korea. Mama wa dagaa alisema muvi imekosea: kwa nini tajiri anakaa juu na maskini chini? Hapa kwetu ni kinyume. Maskini ndiye anayekaa juu, kwenye mawe ya Igogo na ya Mabatini, anapandisha ndoo ya maji kichwani kama mbuzi, na tajiri yuko Capri Point, ananusa ziwa. Mwalimu akajibu kwamba juu na chini si kitu. Kitu ni maji. Kule yanamfuata maskini yakiteremka. Hapa anayafuata yeye akiteremka, kisha anayapandisha, na mvua ikinyesha yanamchukulia choo na ukuta na kumpelekea jirani wa chini, ambaye naye ni maskini. Tulitoka saa tano usiku. Alama: 10, 10, 9, 10, 9, 10, 10. Katika safu ya pili fundi aliandika neno moja tu, "Nyumbani".

Sasa ile kaunta buku ya kwanza. Nilikuwa nimeiacha kwa fundi. Mvua zilizofuata, Mirongo ukaingia tena. Aliokoa cherehani na sare, daftari likaenda na maji. Alama zile saba nimeziandika upya kwa kumbukumbu, na mashahidi wapo.

Na ile filamu ya mapanki? Mbona ina alama zilizopishana hivyo?

*Darwin's Nightmare*, ya Hubert Sauper, mwaka 2004. Imepigwa hapa hapa Mwanza. Ni ya matukio halisi, haina steringi, na iliteuliwa kugombea Oscar mwaka 2006. Mwaka huo huo Rais Kikwete aliikemea hadharani, na mji ukawaka. Watu wengi walioikasirikia walikuwa hawajaiona. Wengi mpaka leo hawajaiona, wanaijua kwa jina la mapanki tu.

Kwa wasio wa kanda hii: viwanda vinachukua minofu ya sangara kwa ajili ya kusafirisha nje, kichwa na mifupa vinabaki, na hayo ndiyo mapanki. Filamu inaonyesha minofu ikipaa kwa ndege kwenda Ulaya na mapanki yakianikwa juani kwa ajili yetu. Inaeleza pia jinsi sangara, samaki wa kuletwa aliyepandikizwa ziwani kuanzia miaka ya 1950, alivyowamaliza wengi wa furu, samaki wadogo wa asili ya ziwa, na wenzao. Na inauliza ndege zile huja na nini zinapokuja.

Kwetu wawili waliipa tisa, watatu waliipa mbili, na mmoja aliipa sita. Mwalimu aliipa tisa: alisema mtu akikuonyesha kidonda chako usimkasirikie kwa kuwa ana kamera. Mama wa dagaa aliipa mbili, na hoja yake ndiyo ninayoirudia kila nikiulizwa. Alisema, "Mapanki nimeyala. Nimeyakaanga, nimeyauza, nimesomeshea watoto. Huyo bwana kanipiga picha nikiwa mchafu, hakunipiga nikiwa nimeoga kwenda kanisani." Haipingi kwamba yale yalikuwepo. Anachosema ni kwamba mji mzima uligeuzwa jalala kwa saa moja na dakika arobaini na kitu, na hakuna hata mtu mmoja aliyeonekana akicheka kwa raha zake.

Yule wa sita ni mimi. Ile sehemu ya mlinzi wa usiku mwenye upinde siwezi kuisahau, amekaa gizani anaongea kuhusu vita kwa utulivu kama anaongelea mvua. Hiyo peke yake ina tisa. Lakini habari ya silaha zinazodaiwa kuja na ndege zile inavutwa kwa kamba ndefu: inanong'onezwa, inadokezwa, na mtazamaji anaachiwa aimalizie mwenyewe kichwani. Kwa muvi ya kutunga hilo ni ufundi. Kwa filamu inayosema haya ni kweli, nilitaka nionyeshwe. Pia nakiri kwamba safu yangu ya pili inasomeka: "Nyumbani, nikila sangara."

Kwa nini *Titanic* haina alama?

Kwa heshima. Meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Wengi wamezikwa Igoma. Muvi ya *Titanic* ilitoka mwishoni mwa 1997. Ilipofika huku kwa kanda, kulikuwa na nyumba ambazo matanga yake yalikuwa bado hayajatoka kichwani. Mwalimu alipoteza ndugu. Aliitazama hadi maji yanapoanza kuingia kwenye vyumba vya chini, akainuka, akatoka. Hajawahi kuimaliza, na mwaka 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipozama karibu na kisiwa cha Ukara alituomba tuifute kabisa kwenye orodha. Tumeacha mstari wake wazi. Vijana wanaokuja wapya wanadhani tumesahau.

Bongo muvi mnazibeba au mnaziponda?

Hatuna alama ya huruma, na hatuna ya dharau. Steven Kanumba alikuwa mtoto wa kanda yetu, mzaliwa wa Shinyanga, na alipofariki tarehe 7 Aprili 2012 akiwa na miaka 28, saluni hii ilifungwa siku mbili. Muvi zake tunazipima kama za mtu yeyote. Kuna iliyopata nane, kuna iliyopata nne, na mama wa dagaa aliyetoa ile nne alikuwa analia.

Lawama zetu ni zile zile. Sauti: kipaza kinanasa jenereta la jirani kuliko mwigizaji. Muda: mtu anashuka kwenye gari, anafunga mlango, anatembea hadi getini, anagonga, geti linafunguliwa, wanasalimiana hali na watoto, ndipo anasema alichokuja kusema, na kumbe sababu ni ili hadithi ya saa moja na nusu iuzwe sehemu ya kwanza na sehemu ya pili. Jumba: kila mtu ana sofa ya ngozi na ngazi za kupindapinda, hata yule tuliyeambiwa ni fukara.

Sifa zetu nazo ni za kweli. Mazungumzo ya wakwe na mawifi hakuna Hollywood inayoyaweza. Na mambo yanabadilika. *Vuta N'Kuvute* ya Amil Shivji, kutoka riwaya ya Adam Shafi, ilionyeshwa Toronto mwaka 2021, na hapa saluni ilipata 8.3 baada ya kukata juu na chini. Picha ya Zanzibar ya wakati wa mkoloni, vivuli, uchochoro, mwanga wa taa ya kandili usoni kwa mtu. Mwalimu alisema ni mara ya kwanza anaona muvi ya nyumbani ambayo mtu ananyamaza na bado unajua anachowaza. Dereva wa bajaji alisema inakwenda polepole. Wote wameandikwa.

Naruhusiwa kusimulia mwisho?

Kwanza uliza, "Nani hajaiona?" Akinyoosha mkono mtu mmoja, unaishia katikati. Ukimharibia mwenzako uhondo unanunua karanga za kijiwe kizima, na muvi ikiwa ya mtu aliyeisubiri kwa muda mrefu, unaongeza soda. Muvi iliyotoka zaidi ya miaka kumi haina ulinzi huo. Huwezi kumlaumu mtu kwa kukwambia habari za mwaka juzi.

Nimeitazama kopi yenye chenga, ile iliyorekodiwa ukumbini watu wanapita mbele. Inahesabiwa?

Inahesabiwa kwa hadithi tu. Usiseme picha mbaya wakati ulichoona ni kisogo cha mtu.

Umeme umekatika katikati. Nitoe alama ya nusu?

Hapana. Subiri urudi.

Sizoni, zile tamthilia za mfululizo, je?

Zina daftari lake dogo, na kusema kweli sijalishika vizuri. Mtu anatoa alama akiwa epsodi ya tatu, akifika ya kumi na sita kabadili dini. Za Kikorea zinaongoza kwa wanawake wa kijiweni na, tangu juzi, kwa kinyozi mwenyewe, ambaye anasema anazitazama kwa ajili ya mitindo ya nywele.

Watoto waje?

Mchana, waje. Bodi ya Filamu huweka madaraja ya umri, nasi tunayafuata. Lakini mabandani hakuna anayemwuliza mtoto umri ilimradi ana sarafu mkononi, kwa hiyo mzazi, usitegemee bango la mlangoni.

Nikijuta naweza kubadilisha alama yangu?

Mara moja. Unakata kwa mstari mmoja, ya zamani iendelee kusomeka, unaandika mpya pembeni na tarehe. Wanaoongoza kwa kubadilisha ni vijana wa mitumbwi: wanatazama, wanaingia ziwani usiku kadhaa, wanakaa na taa na giza na muvi kichwani, mwezi ukirudi wanakuja na alama nyingine. Mmoja alishusha ya kivita kutoka tisa hadi tano. Nilipomwuliza kwa nini, alisema kule kwenye maji alijaribu kuwasimulia wenzake, akagundua hana cha kusimulia zaidi ya milio.

Daftari liko wapi nilisome?

Saluni, Buzuruga, droo ya pili, chini ya mashine za kunyolea. Mwombe kinyozi. Atakuambia ukae kwanza kwenye kiti, na ukikaa atakunyoa, utake usitake.